Betri Isiyo na Karangamuntu

Esperance alirudishwa mara ya tatu siku ya Jumatatu, na mara hii hawakumpa hata neno. Karani aliitazama mikono yake mitupu, akaita jina lililofuata. Mama wa watu alikuwa amesimama juani tangu asubuhi mbele ya biro, ofisi ya shirika la msaada, mtoto mmoja mgongoni, watatu wameshika pindo la kitenge, na kosa lake lilikuwa lile lile la wiki iliyopita: hana karangamuntu. Kitambulisho hicho kilikuwa ndani ya nyumba yake, juu ya milima ya Kizuka, siku nyumba ilipochomwa. Waliotia kiberiti hawakuuliza kwanza kama ndani kuna karatasi za watu.

Alirudi mtaa wa Waswahili, kwa Mwavita, alikokuwa akilala na wanawe tangu mwezi wa pili. Nyumba ya Mwavita ilikuwa na vyumba vitatu na watu kumi na sita, na majirani waliiita hoteli. Mwenyewe alikuwa mlangoni akikaanga ndagala, dagaa wa ziwa, kwa mawese, huku anahukumu kesi ya ndoa ya jirani aliyekuwa akipita tu.

“Wamesema nini leo?” aliuliza.

“Hawakusema.”

“Hata oya? Hata hapana?”

“Hata oya, Mama Nour.”

Mwavita aliuweka mwiko chini, na wote waliokuwa uani wakajua kinachofuata. “Nyumba inawaka, mutu anatoka na watoto wane, halafu wanamuuliza sababu gani hakutoka na karatasi! Angebeba karatasi akaacha mutoto, wangemwandika? Wangemwandika, eh! Na lile gari la shefu wao linapita bariyeri zote barabarani, hakuna askari anamuuliza hata jina!”

Kabla hajamaliza, Faridi alisimama mlangoni. Alikuwa mzamu, mlinzi wa lango la shirika, na asubuhi ile ile alikuwa amekula uji kwenye jiko hilo hilo.

“Shemeji, amahoro. Baba Nour iko? Shefu anamwita. Ordinateri imekufa.”

“Imekufa?” Mwavita akachota ndagala moja, akampa. “Mwambie alete karangamuntu ya marehemu, tutamzika vizuri.”

Baba Nour, yaani Shafii mume wa Mwavita, alikuwa nyuma ya pazia na redio ya mtu imepasuliwa mapajani. Alikuwa mpole, mwenye vidole vyenye makovu madogo ya chuma cha kulehemu. Kazi ya kompyuta aliijulia Bujumbura, katika duka la mfanyabiashara mmoja, mpaka vita vilipolifunga duka. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa wa vita, na Rumonge nzima kitu chochote chenye waya kikinyamaza, kililetwa kwake.

*

Langoni Faridi alimgeukia Shafii kama mtu asiyemjua. Alimwambia avue viatu, akavigonga kimoja kwa kingine, akapekua mfuko wake wa vifaa.

“Faridi, si umetoka kwangu sasa hivi?”

“Kazi ni kazi, kaka. Andika jina hapa. Na upite mulango wa nyuma, wa mbele ni wa wageni.”

Shefu wa biro aliitwa Élysée. Hakuwa mtu wa makelele. Alimkaribisha Shafii vizuri, akamwonyesha kiti, kisha akakumbuka kuwa kiti kile kilikuwa na faili, akamwacha asimame.

Mezani kulikuwa na kompyuta ya kupakata, ya mwisho iliyobaki Rumonge. Nyingine mbili zilikwenda na gari lililoviziwa njiani. Ndani yake mlikuwa na liste, orodha ya kaya elfu moja na mia mbili za watu waliokimbia milima. Mashine ya kuchapisha ilikuwa imekauka wino tangu Pasaka. Kila mgao ulipofika, Élysée aliibeba kompyuta hadi uwanja wa chini ya Kizuka, ambako hakuna hata nguzo ya umeme, akaita majina kutoka kwenye kioo. Betri ndiyo ilikuwa roho ya mgao, na betri ilikuwa imekufa.

“Nikichomoa waya, inazima pale pale,” Élysée alisema. “Betri mpya tumeomba toka mwezi wa tatu. Alhamisi ya wiki inayokuja tunagawa unga na maharagwe. Unaweza?”

Shafii aliigeuza mashine, akaigonga kwa kucha. “Naweza kujaribu, shefu. Lakini na mimi niko na neno. Kwangu kuna mama, Esperance, ametoka Kizuka na watoto wane. Karangamuntu yake imeungua. Muliishamurudisha mara tatu.”

“Ah, huyo.” Élysée alimjua, kumbe alimjua. “Sheria si yangu, fundi. Lakini utengeneze mashine, nami nitamwandika. Mbele ya Alhamisi. Neno la mwanaume.”

*

Kutengeneza betri hakukuwa kazi kubwa. Shafii alikusanya seli kutoka betri tatu zilizokufa, akazipima moja moja kwa tester, akachagua sita zenye uhai, akaziunga na kuzifunga kwa utepe wa mpira. Siku ya Jumatano aliitia ndani ya mashine, akachomoa waya, na kioo kikawa cheusi.

“Betri mbovu?” Mwavita aliuliza. Alikuwa amekaa karibu, na karibu ya Mwavita walikuwa wamekaa watu tisa.

“Betri nzima. Wamemkatalia.”

“Nani amemkatalia?”

Shafii aligeuza mashine chini juu, akawaonyesha kidude cheusi chenye miguu mingi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. “Huyu. Mimi namuita muzamu. Mashine kubwa ikilala, yeye halali. Ukibonyeza kuwasha, yeye ndiye anasikia kwanza. Feni izunguke, yeye. Betri ijae au isijae, yeye. Na ndani yake kuna programu yake, imeandikwa na waliomtengeneza. Betri ikiingia, anaiuliza: wewe nani, umetoka kwa nani, namba yako gani? Ikiwa haina jibu anafunga mulango.”

Kisha Esperance, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akiongea kwa sauti ya mgeni, alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge.

“Yaani hata betri wanaiomba karangamuntu?”

Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko. Mwavita alicheka pia, lakini hasira yake haikuondoka usoni. “Iko na nguvu, haina nguvu?” aliuliza.

“Iko nayo. Masaa mawili, matatu.”

“Basi huyo muzamu ni mujinga kama Faridi. Mutoe!”

“Nikimtoa, mashine haiwaki kabisa. Na yeye ndiye anaangalia betri isishike moto. Lazima niingie ndani ya programu yake, nitafute pale anapouliza ukoo. Pale tu.”

*

Kutafuta huko ndiko kulikoifanya nyumba ya Mwavita isimulike mtaani. Umeme mtaa wa Waswahili ulikuja saa sita mchana na kukatika saa nane. Nyuma ya pazia Shafii alikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani, iliyokufa sehemu ya kuhifadhi, na kisanduku alichokiunga mwenyewe cha kusoma na kuandika chipu, vidude kama kile cheusi. Alimnyonya yule mzamu programu yake, akaweka nakala ya asili kwenye disketi. Lakini programu yenyewe, ikionekana kwenye kioo, ilikuwa tarakimu na herufi tupu, jozi baada ya jozi, mithili ya mchanga wa ziwa. Kuielewa kunataka siku za kuitazama, na umeme ulikuwa wa saa mbili.

Kwa hiyo waliinakili kwenye daftari. Umeme ukija, Shafii aliketi mbele ya kioo na kusoma kwa sauti. Mwavita, aliyekuwa na mwandiko mzuri, aliandika. Kila mstari ulikuwa na jozi kumi na sita. Bi Sikujua, shangazi yake Mwavita, aliyefundisha chuo cha Kurani kwa miaka arobaini na macho yake sasa yakiona nusu, aliketi mkekani na tasbihi. Alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye punje ya kumi na sita. Mstari ukimalizika kabla ya uzi, au uzi ukifika kabla ya mstari kumalizika, alipiga mkeka kwa fimbo kama alivyompiga mwanafunzi aliyeruka aya.

“Umeruka moja.”

“Sijaruka, shangazi,” Shafii alisema.

“Punje haidanganyi. Rudi.”

Na kweli alikuwa ameruka. Saa nane umeme ukikatika, Shafii alichukua daftari, akakaa nalo uani mpaka magharibi, anachora duara, anafuta, anauliza watu wanyamaze katika nyumba ambayo haijawahi kunyamaza. Siku ya nne, Jumapili asubuhi, alipata. Palikuwa na mahali ambapo mzamu analinganisha namba ya betri na namba aliyopewa na waliomuumba. Zikiwa tofauti, anaruka kwenda penye kufunga mlango. Shafii alibadilisha jozi mbili tu, ili asiruke. Mbele kidogo palikuwa na ulinzi wa joto: seli zikichemka, kata umeme. Hapo hakugusa.

Jumapili ile ile mchana waliirudisha chipu kwenye mashine ya shirika na kuwasha. Feni ilinguruma kwa nguvu zote, taa tatu zikawaka pamoja, na kioo kikabaki cheusi. Waya umechomekwa, kioo cheusi. Sasa hakuna liste kabisa.

Shafii alikaa chini. Hakuna aliyecheka. Esperance aliwakusanya wanawe, akawatoa nje polepole, kama mtu anayetoka msibani.

“Wataniambia nimeiua,” Shafii alisema. “Watanipeleka kwa askari.”

Bi Sikujua alikuwa bado anavuta tasbihi. “Hivi, mwanangu, mwisho wa maneno yake hayo, hakuna hesabu?”

“Hesabu gani, shangazi?”

“Sura ina idadi ya aya zake, imeandikwa. Ukitoa neno ukaweka lako, anayehesabu anajua pamechezewa. Huyo muzamu wako asiyelala, hajihesabu akiamka?”

Shafii alimtazama. Kisha alijipiga paji la uso, akalifungua daftari ukurasa wa mwisho. Kumbe mzamu akiamka hujumlisha programu yake yote, akalinganisha na jumla iliyoandikwa mwishoni. Zisipolingana, anakataa kazi. Jambo hilo Shafii alilijua tangu Bujumbura. Hofu na haraka ndizo zilizomsahaulisha. Alipiga hesabu upya kwa kalamu, Bi Sikujua akihakiki kwa punje, na kesho yake saa sita waliandika jumla mpya. Mashine iliwaka. Shafii alichomoa waya. Kioo kikabaki cheupe.

Vigelegele vya Mwavita vilisikika mpaka sokoni.

*

Élysée alifurahi. Aliitembeza mashine biro nzima bila waya, kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Alimpa Shafii miche miwili ya sabuni, sabuni ya msaada, yenye alama ya shirika.

“Na Esperance?” Shafii aliuliza.

“Kesho. Nina mgeni kesho, akiondoka tu.”

Mgeni alifika Jumanne na msafara wa askari kutoka Bujumbura. Aliitwa Olivier, mkubwa wa informatiki, yaani kompyuta, wa shirika. Aligeuza mashine, akaona utepe wa mpira, akauliza maswali matatu, na kabla ya adhuhuri Faridi alikuwa mlangoni kwa Mwavita, safari hii hakungoja kupewa ndagala.

Walimsimamisha Shafii mbele ya meza. Olivier aliongea Kifaransa. Élysée alitafsiri, ingawa Shafii alikielewa Kifaransa na wote wawili walijua.

“Anauliza nani amekupa ruhusa ya kuingia ndani ya programu ya fabriki, ya waliotengeneza mashine.”

“Wewe, shefu.”

Hilo Élysée hakulitafsiri. “Anasema umeweka hatari. Betri inaweza kushika moto.”

“Mwambie kuna muzamu anayezuia moto, na kuna anayeuliza ukoo. Wa moto nimemwacha kazini. Daftari ninalo, nitamwonyesha mustari.”

“Daftari?” Olivier alisema kwa Kiswahili chake, na uso wake ukabadilika. Mwanzoni alidhani amekamata mwizi. Sasa alidhani amekamata kitu kikubwa zaidi. Mtu wa mtaani, ameandika kwa mkono siri za mashine ya shirika yenye majina ya watu, wakati wa vita. Alitoa karatasi, akaiandika pale pale pamoja na nakala yake. Ilisema kwamba aliyesaini anakiri kuharibu programu bila ruhusa. Kwamba atairudisha ya asili. Kwamba Alhamisi, kazi ya kurudisha ikiisha, atakabidhi daftari kwa shefu. Na kwamba hatagusa tena mashine yoyote ya shirika, kwa sababu yoyote. Akikataa, faili litapelekwa kwenye kambi ya askari, nao ndio watakaouliza.

“Nikirudisha ya asili, betri itakataliwa,” Shafii alisema. “Nawaambia mapema.”

“Betri ya fabriki inakuja na msafara wa Alhamisi asubuhi,” Élysée alijibu.

“Msafara ukikwama?”

“Saini, fundi.”

“Na Esperance?”

Élysée alipanga karatasi zilizokuwa zimepangika. “Hana vitambulisho. Sheria si yangu.”

Shafii alisaini.

Nyumbani Mwavita aliisoma nakala mara mbili, ya pili kwa sauti ili mtaa usikie. “Kuharibu! Mashine iliyokufa, mutu ameiharibu kwa kuifufua! Ulisaini?”

“Nilisaini.”

“Baba Nour!”

“Wamenitajia kambi, Mwavita. Unajua nani alirudi kutoka kule?”

Mwavita aliikunja nakala. Majirani watatu hawakurudi. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mumewe. Aliyeongea ni Esperance. “Baba Nour, usiumie kwa ajili yangu. Watoto wangu walikula majani, wakapona.”

Hakuna maneno yaliyomuumiza Shafii kama hayo.

Jumatano, saa sita, alifanya kama karatasi ilivyosema. Alitia disketi ya asili, akaandika, akahakiki, akafunga skurubu zote. Olivier aliijaribu bironi. Iliwaka. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye umeme wa jenereta, naye hakuuchomoa. Aliitikia kwa kichwa kuridhika, akapanda gari la msafara wa saa nane, akaenda zake.

*

Alhamisi uwanja wa chini ya Kizuka ulijaa tangu alfajiri. Watu walikaa kilima kwa kilima, waliotoka kilima kimoja pamoja, kama walivyokimbia, akina mama mbele, wazee kwenye vivuli vya michikichi. Lori la magunia lilikuwa limefika, askari sita wakilizunguka. Msafara wa kutoka Bujumbura haukuja. Kulikuwa na risasi kwenye barabara ya ziwa na njia ilifungwa. Betri ya fabriki ilikuwa Bujumbura, ndani ya kasha lake zuri, na vitambulisho vyake vyote.

Élysée aliweka mashine juu ya meza, akabonyeza. Kimya. Alibonyeza tena. Alitoa ile betri ya utepe wa mpira, akaipuliza, akairudisha. Ilikuwa imejaa nguvu tele. Kioo kilibaki cheusi, na watu elfu kadhaa walikuwa wanamtazama.

Shafii alikuwa pembeni na daftari kwapani, amekuja kulikabidhi kama alivyoamriwa. Mwavita alikuwa naye, na Bi Sikujua, na Esperance na watoto wake, kwa maana Mwavita hajawahi kwenda mahali peke yake.

“Fundi!” Élysée aliita. “Njoo haraka.”

Shafii alisogea, akasimama hatua mbili kutoka mezani, mikono nyuma.

“Nini hii? Fanya kitu!”

“Nimekatazwa kugusa, shefu. Kwa sababu yoyote.”

“Nakupa ruhusa mimi!”

“Hata ukinipa. Chombo cha kuandikia kiko nyumbani, na kinataka umeme. Huyu muzamu amerudishiwa sheria yake. Anaiuliza betri karatasi, betri haina. Nilisema, shefu. Mbele yenu wawili nilisema.”

Dereva wa lori alishuka, akamnong’oneza Élysée, lakini mnong’ono wa dereva ni tangazo: bariyeri inafungwa saa kumi, saa nane lori liondoke, limeshushwa au halijashushwa. Habari ilikimbia kutoka kilima hadi kilima. Watu walianza kuinuka. Askari mmoja alibadilisha namna ya kushika bunduki.

Hapo Mwavita alilichukua daftari kwapani mwa mumewe, akaliweka mezani juu ya mashine iliyozima, akafungua upande wa nyuma ambako kurasa zilikuwa bado tupu.

“Mukae chini!” alipaza sauti, kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili. “Mukae, kila kilima mahali pake! Watu wanajuana ama hawajuani? Taja jirani yako, jina, watoto wangapi, wawili waseme ndiyo. Mwenye kudanganya tutamzomea mpaka azikwe!”

“Mama, hii si utaratibu,” Élysée alisema.

“Utaratibu wako huo hapo, kioo cheusi ti. Washa tuone.”

Élysée alilitazama lori, akawatazama askari, akawatazama watu. Alikaa.

Kilima cha kwanza kilianza. Mtu anasimama, anataja, wawili wanaitikia, Mwavita anaandika, Bi Sikujua anavuta punje na kila ikifika kumi na sita anasema “Sawa,” na magunia yanashuka kwa hesabu hiyo. Mzee mmoja alijaribu kumtaja kaka yake aliyehamia Nyanza-Lac mwaka juzi, na kilima chote kikapiga kelele: “Huyo anakula samaki mukeke huko, anataka na maharagwe yetu!” Mzee alicheka kwa aibu, akakaa. Kwenye liste ya mashine, yule kaka alikuwamo, na kila mgao sehemu yake ilichukuliwa. Jambo hilo karani, aliyesimama kando ya shefu, alilijua, akainama kutazama viatu vyake.

Kilima cha saba, mama mmoja wa makamo alisimama bila kuitwa. “Esperance wa juu ya kisima. Mume wake alikuwa anakamua mawese. Mwenyewe ni yule pale, amejificha nyuma ya mama wa daftari.”

“Ndiyo!” waliitikia, si wawili, kumi.

“Watoto watano,” mwingine aliongeza.

“Wane,” Esperance alisema. “Wa tano tulimuzika njiani. Mama Wema anajua mahali.”

Yule mama wa makamo, ndiye Mama Wema, aliinua mkono juu, akaushusha. Mwavita aliandika: *Esperance, wanne.* Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri, akapuliza wino ukauke.

Élysée alinyoosha kidole kwenye mstari ule. “Huyu hana karatasi. Nitaeleza nini Bujumbura?”

Gunia la Esperance lilikwisha kushushwa, na mtoto wake mkubwa alikuwa amelikalia.

Saa nane kasoro magunia yalikuwa yamekwisha. Dereva aliwasha lori. Lilibaki jambo moja: bila saini ya shefu chini ya majina, magunia yangehesabiwa yameibwa, na mwenye jina chini ya wizi huo angekuwa Élysée mwenyewe. Alitoa kalamu mfukoni, akalivuta daftari kwake.

Mwavita alilifunika kwa kiganja.

“Karangamuntu yako, shefu?”

Alidhani anatania. Kisha akaona watu wa mbele wamesogea, na kwamba hakuna anayecheka. Alipapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali, wa kulia, wa kushoto. Koti lake lilikuwa bironi, nyuma ya mlango, na karangamuntu ilikuwa ndani ya koti. Kwa miaka yote ya bariyeri, hakuna aliyewahi kumwomba. Alimtazama Shafii, naye Shafii alikuwa anatazama ziwa.

“Nimeiacha,” alisema.

Mwavita aliitazama mikono yake, kama karani alivyoitazama ile ya Esperance. Kisha aligeuka kwa watu.

“Amesema ameiacha. Kuna anayemujua?”

Lori lilikuwa linanguruma. Aliyesimama ni Esperance, mtoto mgongoni.

“Mimi namujua,” alisema. “Ni yeye aliyenirudisha mara tatu.”

Mwavita aliinua kiganja. “Saini,” alisema.